Kapu la Mapishi Hadi Mlangoni: Vidokezo kwa Mpishi wa Kisii na Nyamira

Biashara hii ilianzia Uswidi mwaka 2007, pale mama mmoja kwa jina Kicki Theander alipofungua kampuni ya Middagsfrid. Unachagua mapishi ya wiki, kisha unaletewa nyumbani kapu lenye kila kitu kilichopimwa, kuanzia nyama hadi kipande cha tangawizi, pamoja na kadi ya kukuelekeza. Kazi yako ni kuwasha moto na kufuata kadi. HelloFresh ikaanza Berlin mwaka 2011, Blue Apron ikafuata New York mwaka 2012, na mtindo wenyewe ukafika hadi Afrika Kusini.

Je, mtu anayepikia jamaa yake Nyanchwa, Suneka, Keroka au Kebirigo ana haja na kapu la aina hii? Kwa maoni yangu anahitaji nusu yake tu. Shida yetu haikuwa soko. Nyanda za juu za Gusii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na mboga huota hata nyuma ya choo bila kupandwa na mtu. Kinachotumaliza ni kuchambua, kumenya na kuchemsha. Kwa hivyo ukitaka kutoa pesa, lipia mikono na moto. Sanduku na kadi waachie wanaovihitaji, nao wapo, tutawafikia.

1. Jiulize ni kazi gani hasa inayokuchosha

Waliobuni kapu walikuwa wakimtibu mtu wa mji mkubwa anayetoka kazini jioni, anasimama katikati ya supamaketi na hajui apike nini. Mpishi wa huku anajua atakachopika tangu asubuhi. Ni ugali. Kitakachobadilika ni mboga, na hata hiyo hubadilika kwa zamu inayojulikana.

Sasa tazama chinsaga. Fungu limefungwa kwa kamba ya mgomba, linaonekana kubwa na la bei nafuu. Unaketi nalo kwenye kigoda. Kila shina lina matawi, kila tawi lina majani madogo matano matano yaliyotokea sehemu moja, na juu kabisa kuna maua meupe. Unachuma jani na ncha laini, unatupa shina gumu, unaondoa ua, unaangalia wadudu upande wa chini. Nusu saa imepita na ungo haujajaa. Vidole vimekuwa vya kijani na harufu yake haitoki kwa sabuni ya kwanza. Kisha unachemsha, na ule mlima wote unalala chini ya sufuria ukawa bakuli moja, ilhali mezani kuna watu sita.

Hiyo ndiyo kazi. Hakuna kadi ya mapishi itakayokupunguzia hata dakika moja yake. Kabla ya kuagiza chochote, andika kwenye karatasi shughuli za jikoni mwako tangu unapofika nyumbani hadi mnapokula, na upige mstari chini ya zile zinazokula muda. Wengi watakuta kwamba kwenda sokoni hakumo.

(Wengine watagundua pia kwamba nyumbani kuna mwanamume mwenye vidole kumi anayetazama habari za saa moja huku ungo wa mboga uko kwenye mapaja ya mtu mwingine. Huyo hahitaji kuagizwa kwa simu.)

2. Kapu lako tayari liko kibandani

Tumezoea kuona mama mboga akikata sukuma wiki hata tukasahau kwamba ile ni huduma ya kulipiwa. Kisu chake kina kasi, anayakunja majani na kuyakata membamba kuliko utakavyoweza wewe ukiwa umechoka. Anabandua minji na kuzipima kwa kikombe. Ana kitunguu saumu kilichomenywa, kabichi iliyokatwa, na karoti zilizokunwa kwa ajili ya mchele. Jirani yake anauza mahindi na maharagwe yaliyochemshwa, mwenzake ana managu iliyochambuliwa kwenye beseni.

Sikiliza mazungumzo ya kawaida ya saa kumi na moja jioni:

"Mama, kuna chinsaga ya kuchambuliwa?"

"Imeisha, kastama wangu. Ungenipigia mchana ningekuwekea."

"Nitachukua gani sasa?"

"Chukua managu, nikuchanganyie na nderema kidogo isikuwe chungu. Ya hamsini inawatosha?"

"Tuko sita leo."

"Basi ya mia. Na nyanya?"

Ndani ya maneno hayo kuna menyu, kipimo kulingana na idadi ya walaji, ushauri wa mapishi na hata orodha ya agizo la kesho. Kampuni za ng'ambo zimetumia mamilioni ya dola kutafuta programu ya kompyuta itakayomjua mteja kiasi hicho. Anachokosa mama mboga ni taarifa ya mapema. Alikwambia mwenyewe: ungenipigia mchana.

3. Agiza kabla ya saa sita mchana, na ulipe mikono yake

Kuchambua mboga ni kazi ya mchana, wakati kibanda kimetulia. Ukimwambia saa kumi na moja jioni, atakufanyia haraka haraka kwa sababu foleni imeshaanza. Tuma ujumbe asubuhi, tuma na pesa kidogo kwa M-Pesa ili ajue hutamkimbia. Na usibishane naye juu ya ile tofauti ya shilingi kumi au ishirini kati ya fungu zima na fungu lililochambuliwa. Ile ndiyo bidhaa uliyokuja kununua. Mboga yenyewe ungeipata kwa shangazi.

4. Mboga ioshwe kabla ya kukatwa

Hili ndilo eneo ambalo ningekuwa mkali. Jani likishakatwa, ukiliosha unamwaga sehemu ya vitamini pamoja na maji, na vumbi la barabara linakuwa limeshaingia penye mkato. Mwombe mama mboga aoshe majani mazima kwanza, ayakung'ute, ndipo akate mbele yako. Uliza maji yanatoka wapi. Akikasirika, badilisha kibanda.

Managu ina jambo lake pia. Vile vitunda vidogo vya kijani ambavyo havijaiva vina sumu, havifai kuchanganyika na majani. Anayechambua vizuri huviondoa pamoja na maua na mashina magumu. Ukinunua iliyochambuliwa na mtu usiyemjua, imwage kwenye sinia na uipitie kwa macho. Ni kazi ya dakika mbili.

Mboga iliyokatwa haitaki kulala. Iliyochambuliwa bila kukatwa hukaa hadi kesho asubuhi ikiwa imefungwa kwa kitambaa kibichi mahali penye baridi, na jioni za Nyansiongo si haba kwa baridi. Ile ya kukatwa kabisa ipikwe siku iyo hiyo.

Ukinunua ndizi za kupika zilizomenywa tayari, sharti ziwe zimezama kwenye maji. Zikiachwa hewani hugeuka nyeusi. Hii ni huduma ninayoipendekeza kwa moyo wote, maana utomvu wa ndizi ukiingia kwenye nguo nyeupe utaondoka na nguo yenyewe.

5. Maharagwe nunua yaliyochemka

Maharagwe makavu yanaweza kukaa motoni saa mbili, na githeri zaidi. Anayechemsha sufuria kubwa la kuuza anagawa gharama ya kuni au makaa kwa wateja wengi. Wewe unachemsha kikombe kimoja kwa mtungi wako wa gesi na kuibeba gharama yote peke yako. Piga hesabu ya gesi kabla ya kusema maharagwe yaliyochemshwa ni ghali.

Muulize muuzaji mambo mawili: ameyachemsha lini, na ametia magadi? Magadi hulainisha haraka, lakini yakizidi hubadilisha ladha, nayo huongeza sodiamu, jambo ambalo mgonjwa wa shinikizo la damu hapaswi kulipuuza. Ukifika nayo nyumbani yachemshe tena hadi yatokote kabla ya kukaanga, hata kama yanaonekana laini.

Nyama nayo ina wafanyakazi wake. Bucha lolote litakukatia vipande ukiomba, na ukinunua kuku wa kienyeji sokoni utapata kijana wa kumchinja, kumnyonyoa na kumpasua. Kumnyonyoa kuku nyumbani saa moja usiku ni ushujaa usio na nishani.

6. Hesabu watu, kisha ongeza wale wasiohesabika

Makapu ya Ulaya na Marekani hupangwa kwa watu wawili au wanne. Kwa sensa ya 2019, kaya ya wastani nchini Kenya ilikuwa na watu 3.9, kwa hivyo kwenye karatasi kapu la wanne lingetutosha vizuri. Lakini tunajua karatasi na meza ya Gusii ni vitu viwili. Sensa hiyo hiyo ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, katika kaunti ambazo ardhi yake imegawanywa hadi vishamba vidogo vidogo. Maboma yamekaribiana kiasi kwamba mtoto wa ndugu anasikia ukigonga mwiko kwenye sufuria. Atakuja. Fundi aliyekuwa akirekebisha paa atakaribishwa. Mzee wa jirani aliyeleta habari ya mazishi hataondoka bila kula.

Kapu lenye vipande vinne vya kuku vilivyohesabiwa halina jibu kwa mzee huyo. Ugali unalo: unaongeza maji, unaongeza unga.

Kwa sababu hiyo usinunue kamwe unga uliopimwa kwa mlo mmoja. Unga nunua kwa gorogoro au kwa debe. Na ikiwa nyumbani mnakula obokima, yaani ugali, wa wimbi, fedha zako zipeleke kwenye usafi wa wimbi lenyewe. Punje zake ni ndogo, na changarawe zinazojificha humo ni ndogo vile vile. Kupepeta na kuchagua ni kazi ya jicho na subira. Tafuta muuzaji mmoja anayepepeta vizuri na mshikamane naye, kisha saga kwenye kinu ambacho hutalazimika kusubiri mahindi ya mtu mwingine yamalizike ndani yake. Meno yako yatakuelewa.

7. Kadi ya mapishi ina wenyewe

Sasa tuwatendee haki wenye kapu. Wapo watu wa hapa hapa ambao lingewafaa lilivyo.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisii anayeishi chumba kimoja na jiko la gesi la kichomeo kimoja ni wa kwanza. Hana haja ya gunia la vitunguu. Anahitaji kitunguu kimoja, nyanya mbili, mafuta ya kupima na mtu wa kumwambia mchele unaingia lini. Muuguzi wa zamu ya usiku anayerudi asubuhi soko likianza kuamka ni wa pili. Wa tatu ni bwana aliyehamishiwa kikazi Nyamira mjini, familia imebaki Nakuru, naye tangu azaliwe hajawahi kuulizwa chumvi inakaa wapi.

Kwa hawa, vifungu vya mlo mmoja ni akiba, maana kisichonunuliwa hakiozi. Pilau ndiyo mfano mzuri zaidi. Viungo vyake ni vingi na kila kimoja kinahitajika kidogo: bizari nyembamba, iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga. Ukinunua pakiti ya kila kimoja utapika pilau moja na kubaki na duka la viungo kabatini hadi Krismasi. Kifungu kimoja kilichochanganywa kwa ajili ya nusu kilo ya mchele, pamoja na karatasi yenye mistari mitano, ni wazo la maana. Biriani kadhalika, na hata supu ya mkia wa ng'ombe.

Chinsaga haiingii katika hesabu hii. Mlo wa kapu umekusudiwa kupikwa dakika thelathini na kuliwa. Chinsaga ya kizamani huchemshwa polepole, huongezwa maziwa, hulazwa kwenye chungu na kupashwa moto tena kesho, na walaji wengi watakuapia kwamba ya kesho ni tamu kuliko ya leo. Kila nyumba ina namna yake: wapo wanaomwaga maji ya kwanza kupunguza uchungu, wapo wanaoona hiyo ni kumwaga mboga yenyewe na hutegemea maziwa peke yake. Mama aliyejifungua hupikiwa chinsaga hivyo kwa siku nyingi. Sijui kadi gani ingeandika "rudia kesho jioni" na mteja akakubali.

8. Panga wiki yako ukianzia Ijumaa

Kampuni ya Berlin haijui kwamba sehemu kubwa ya Gusii ni Waadventista Wasabato, na kwamba jua likizama Ijumaa jiko limefunga shughuli zake. Chakula cha Sabato hupikwa Ijumaa. Kapu linalofika Jumamosi saa tano asubuhi litawakuta wenyewe kanisani na mbwa nyumbani.

Kwa familia ya Kisabato, siku ya kulipia msaada ni Ijumaa yenyewe, mchana. Agiza mboga iliyochambuliwa mara mbili ya kawaida, maharagwe yaliyochemka, viazi vitamu vilivyooshwa. Kama unanunua kifungu kilichotayarishwa na mtu, soma au uliza kilichomo: Waadventista hawali nguruwe wala samaki asiye na magamba, kwa hivyo kambare wa ziwani hataingia jikoni hata akiwa wa bure. Omena na ngege hawana neno.

Kwa wasio Wasabato, siku ya kupanga ni ile ya soko lenu. Kwa walio karibu na mji wa Kisii, Daraja Mbili hufurika Jumatatu na Alhamisi. Nunua vitu vya kukaa siku hizo, yaani vitunguu, viazi, ndizi, wimbi na omena, halafu mboga za majani ziwe za kila siku kutoka kibandani. Ndizi ukipita Keumbu au Nyakoe usizipite.

9. Usikubali nyama kwenye bodaboda ya mbali

Mboga, nafaka na viungo vinavumilia bodaboda. Nyama mbichi na maziwa havivumilii. Kapu la Ulaya husafiri na vipande vya barafu na karatasi ya kuzuia joto. Letu litasafiri kwenye tangi la pikipiki, kati ya magoti ya dereva na gunia la mtu mwingine.

Na mvua za mchana unazijua. Kilima cha udongo mwekundu kikishalowa, "niko njiani" inaweza kumaanisha saa nzima. Nyumba zetu hazina namba za barabara, zina maelezo: ukifika kwa kanisa, shika njia ya kiwanda cha chai, uliza kwa mwalimu. Ukiagiza kitu mara kwa mara, afadhali uchague kituo kimoja kinachojulikana, duka au steji, uchukulie mzigo wako hapo ukitoka kazini. Utapunguza nauli, na dereva hatakuwa akikupigia simu ukiwa katikati ya kikao.

10. Bei ya wiki ya kwanza si bei

Biashara hizi zimejengwa juu ya punguzo la kuvutia mteja. Wiki ya kwanza nusu bei, wiki ya tatu bei kamili, na wateja wengi hushukia hapo. Blue Apron iliingia soko la hisa la New York mwezi Juni 2017 kwa dola 10 kila hisa, kampuni nzima ikikadiriwa thamani ya takriban dola bilioni 1.9. Mwaka 2023 ilinunuliwa na kampuni ya Wonder kwa dola milioni 103.

Kenya nayo imeona yake. Kune Food ilianzishwa Nairobi na Mfaransa Robin Reecht ikiuza chakula kilichopikwa tayari. Ilichangiwa dola milioni moja na wawekezaji mwaka 2021, na kufikia Juni 2022 ilikuwa imefungwa. Wakenya walimcheka sana aliposema alikosa chakula kizuri cha bei nafuu Nairobi, na kicheko hicho kilikuwa na haki yake: vibanda vilikuwa vimemzunguka. Lakini sababu ya kufunga ilikuwa ya hesabu zaidi. Gharama za viungo zilipanda, bei ya sahani ikabaki chini, pesa za kuongezea hazikupatikana. Jumia Food, iliyokuwa ikisafirisha tu, ilifunga huduma zake mwishoni mwa 2023.

Huku kwetu, ambako mshindani wako ni shamba la mteja mwenyewe, hesabu ni ngumu zaidi. Kwa hivyo ukikutana na huduma mpya, iwe ya kampuni au ya jirani kwenye kikundi cha WhatsApp, lipa kila wiki. Usilipe mwezi mzima mbele hata ukipewa zawadi ya sufuria. Linganisha bei yake na ile ya kununua vitu vivyo hivyo sokoni ukiongeza nauli na gesi, halafu ujiulize kama tofauti iliyobaki ni thamani ya saa yako. Mchuma chai aliyeshinda shambani tangu alfajiri ana jibu lake. Mwenye duka anayekaa kitini ana lake.

11. Takataka zako si kama zao

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walilinganisha milo ya kapu na milo iyo hiyo iliyonunuliwa supamaketi, wakakuta ile ya supamaketi inachangia gesi za kuongeza joto duniani kwa theluthi moja zaidi. Sababu kubwa ni chakula kinachoozea friji na kutupwa, pamoja na msururu mrefu wa maduka na magari.

Matokeo hayo ni ya kwao. Anayenunua majani ya leo na kuyala leo, maganda ya ndizi akampa ng'ombe na mashina ya managu akayarudisha shambani, hana friji la kuozesha kitu. Kwake kapu lingeongeza takataka: vipakiti, vikopo, sanduku. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, kwa hivyo anayekufungia mboga humo anakuuzia na kesi. Peleka kikapu chako au bakuli lenye kifuniko. Mama mboga atafurahi: amekuokolea kazi, na wewe umemwokolea gharama.

12. Aliye mbali na nyumbani ahesabu tofauti

Yote niliyosema hugeuka ukivuka Narok. Mwana wa Gusii aliyeko Nairobi, zaidi ya kilomita 300 kutoka kwa mama yake, ana kapu lake tayari: linapakiwa jioni, linasafiri na basi la usiku na kufika alfajiri likiwa na parachichi, ndizi, unga wa wimbi na mboga iliyofungwa kwa majani ya mgomba. Nauli ya mzigo ni ndogo ukilinganisha na bei ya chinsaga ya mjini. Sharti lake ni moja tu, mboga isilowe. Majani yaliyonyunyiziwa maji na kubanwa ndani ya gunia huchemka yenyewe njiani, yakafika meusi. Yafungwe makavu, yakiwa na mashina yake, yakae juu ya ndizi wala si chini yake. Kuchambua atajichambulia.

Waliokwenda mbali zaidi, kama jamii kubwa ya Abagusii walioko Minnesota huko Marekani, wanaishi penye theluji, penye kazi za zamu mbili na makampuni ya kapu ya kila aina. Kwao kapu la kampuni ni msaada wa kweli siku za kazi. Ila halitakuwa na managu ndani. Mgeni anayesafiri kwenda huko huombwa unga wa wimbi na mboga zilizokaushwa, na akubalipo ajulishe maafisa wa forodha kwenye fomu, maana mizigo ya mimea hukaguliwa na mbegu mara nyingi hunyang'anywa.

13. Ukitaka kuwa wewe mwenye kapu

Nimeulizwa hili na vijana zaidi ya mara moja, kwa hivyo kwa ufupi. Usianze na sanduku zuri wala programu ya simu. Anza na wateja kumi wa jengo moja la ofisi au hosteli moja, mboga ya aina mbili, na saa moja ya kufikisha isiyobadilika. Walipe wanaochambua kwa kipimo kinachojulikana, kila jioni, bila kuwazungusha. Pata cheti cha afya cha washika chakula kutoka kaunti kabla hujamwuzia mtu wa kwanza. Na uwe na jibu la Januari na Februari, mvua zikipungua na bei ya managu ikipanda: ama upandishe bei ukiwaeleza wateja mapema, ama uwapunguzie fungu, ama uwapelekee kabichi na kuvumilia manung'uniko. Wateja wa hapa watakusamehe bei. Kabichi siku tatu mfululizo sina hakika.